Kutoa ni moyo: Maisha ya Dkt. Christiaan Barnard na wale waliompa mioyo

Dkt. Christiaan Barnard, mtu wa kwanza duniani kuutoa moyo wa binadamu aliyekufa na kuupandikiza kwa binadamu mwingine, alifariki tarehe 2 Septemba 2001 mjini Paphos, katika kisiwa cha Cyprus, alikokwenda kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka 78. Siku tisa tu baadaye yakatokea mashambulizi ya New York na Washington, dunia nzima ikageuza uso upande huo, na mazungumzo juu ya maisha ya daktari huyu yakakatika kabla hayajakolea.

Kwa wasomaji wetu vijana ambao jina hili halijawafikia, inatosha kusema kwamba mwishoni mwa mwaka 1967 hapakuwa na nyumba yenye redio, iwe Ulaya, Amerika au Afrika, ambayo haikulisikia. Mwafrika Kusini mweupe, mtoto wa mchungaji maskini, alikuwa amefanya jambo ambalo hospitali kubwa za Marekani zilikuwa zikilitafuta kwa miaka.

Lakini kila habari hii inaposimuliwa, hutajwa daktari, hutajwa mgonjwa, na moyo wenyewe hutajwa kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni. Haukudondoka. Ulitoka kwa mtu, na mtu huyo alikuwa na baba, mama au mke ambaye aliulizwa, katika usiku wa msiba, swali gumu kuliko yote ambayo mfiwa anaweza kuulizwa. Wengine, katika nchi nyingine, hawakuulizwa kabisa. Makala haya yanaeleza maisha ya Barnard, na yatajitahidi kutowaacha hao nje ya mlango.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Christiaan Neethling Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 huko Beaufort West, mji mdogo katika nyika kavu ya Karoo. Baba yake, Adam Barnard, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Mageuzi la Kidachi, katika tawi la misheni lililowahudumia watu waliowekwa na serikali katika fungu la machotara. Kwa hiyo kijana huyu, Kaburu kwa asili na lugha, alikua akimwona baba yake akiwabatiza, akiwafungisha ndoa na kuwazika watu ambao Wazungu wenziwe hawakukaa nao benchi moja kanisani. Familia haikuwa na mali. Mmoja wa ndugu zake, Abraham, alifariki akiwa mtoto mdogo kwa ugonjwa wa moyo aliozaliwa nao. Mdogo wake mwingine, Marius, alikuja kuwa daktari wa moyo kama yeye, na tutamkuta tena mbele.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuhitimu mwaka 1946. Baada ya mafunzo ya hospitali alikwenda kutibu watu katika mji wa Ceres, wilaya ya wakulima wa matunda. Mwaka 1948 alimwoa muuguzi, Aletta Louw, wakajaliwa watoto wawili, Deirdre na Andre.

Hakukaa sana Ceres. Alirudi Cape Town, akafanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na kufanya utafiti juu ya kifua kikuu kinachoshambulia utando wa ubongo, kazi iliyompatia shahada ya juu ya udaktari mwaka 1953. Baadaye akaingia katika jambo jingine. Watoto wengine walikuwa wakizaliwa na utumbo uliokatika, na wengi wao wakifa hata baada ya kupasuliwa. Barnard alishuku kwamba tatizo huanza tumboni mwa mama, pale damu inapokosa kufika katika sehemu ya utumbo wa mtoto. Alifanya majaribio kwa mbwa wenye mimba, akashindwa mara nyingi, akarudia, hadi akathibitisha. Kutokana na kazi hiyo madaktari walijifunza kukata na kuiondoa sehemu ya utumbo isiyopata damu vizuri, na watoto wengi wakapona. Hata kama asingeugusa moyo wa mtu maishani mwake, kazi hiyo peke yake ingetosha kumwekea jina.

KUTOKA MINNEAPOLIS HADI RICHMOND

Mwishoni mwa mwaka 1955 alikwenda Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, chini ya Profesa Owen Wangensteen. Huko ndiko madaktari akina Walton Lillehei walikuwa wakifungua moyo wa mtu aliye hai na kuutengeneza. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya mashine ya moyo na mapafu, ambayo huipokea damu ya mgonjwa, huitia hewa ya oksijeni na kuirudisha mwilini wakati moyo wenyewe umesimamishwa. Barnard aliiona mashine hiyo, akaachana na mengine yote. Huko huko Minneapolis aligunduliwa pia kuwa na ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo, ambao ungeila mikono yake polepole kwa muda wote uliosalia wa kazi yake.

Alirudi nyumbani mwaka 1958 akiwa na shahada ya uzamivu, na Wangensteen akamsaidia kupata mashine ya aina hiyo kwa ajili ya Cape Town. Katika hospitali ya Groote Schuur, iliyojengwa chini ya mlima, na katika hospitali ya watoto ya Msalaba Mwekundu, alianzisha idara ya upasuaji wa moyo iliyopata sifa kubwa. Alikuwa mtu mkali, asiyevumilia kosa, anayefoka ndani ya chumba cha upasuaji na kisha kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa mpaka alfajiri. Waliofanya naye kazi walimwogopa na kumheshimu kwa pamoja.

Elimu ya kupandikiza moyo haikuwa yake peke yake. Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewahi kuwa naye Minnesota, pamoja na mwenzake Richard Lower, walikwisha eleza mwaka 1960 jinsi ya kuupandikiza moyo wa mbwa, na walikuwa wamefanya majaribio mengi kuliko mtu yeyote. Mwaka 1966 Barnard alikwenda Richmond, katika jimbo la Virginia, kujifunza upandikizaji wa figo kwa David Hume. Hapo Richmond alikuwepo pia Lower, na Barnard aliiona kazi yake. Aliporudi alipandikiza mioyo ya mbwa wapatao 50 katika maabara ya Cape Town, na mnamo Oktoba 1967 akampandikiza figo mgonjwa mmoja kwa mafanikio. Sasa alikuwa akingoja mambo mawili, mgonjwa aliyekata tamaa na maiti yenye moyo mzima.

DAKIKA NNE ZA EDWARD DARVALL

Mgonjwa alipatikana. Louis Washkansky, muuza duka la vyakula, Myahudi mzaliwa wa Lithuania, alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa na kisukari, na moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Alikubali upesi, kwani hakuwa na cha kupoteza.

Mtoaji lilikuwa suala jingine. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Makaburu. Kila mtu alikuwa ameandikishwa kwa rangi yake. Hospitali zilikuwa na wodi za weupe na za wasio weupe. Mwaka 1966 serikali ilikuwa imekwisha tangaza kwamba mtaa wa District Six, usio mbali na hospitali hiyo, ni wa weupe tu, na watu wakaanza kuhamishwa kwa nguvu. Wakuu wa idara ya moyo waliogopa kwamba moyo wa kwanza ukitoka kwa mtu mweusi au chotara, dunia itasema madaktari wa Makaburu wanawachinja weusi ili kuwaponya weupe. Waliamua kwamba mtoaji wa kwanza na mpokeaji wa kwanza wote wawe weupe. Tuseme ukweli, hofu hiyo haikuwa ya bure. Nchi inayompimia mtu thamani kwa ngozi yake haiwezi kushangaa ikishukiwa pale inapogusa maiti yake.

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1967, mchana, familia ya Darvall ilikuwa ikienda kuwatembelea marafiki. Walisimamisha gari katika barabara kuu ya Observatory, mjini Cape Town, na mama, Myrtle, akashuka na binti yake Denise kwenda kununua keki. Denise alikuwa na umri wa miaka 25, mfanyakazi wa benki. Walipokuwa wakivuka barabara waligongwa na gari. Mama alikufa papo hapo. Denise alifikishwa Groote Schuur akiwa amevunjika fuvu la kichwa. Mashine ikawa inampumulia, moyo ukawa unapiga, lakini ubongo ulikuwa umeharibika kiasi cha kutorudi tena.

Usiku ule madaktari walimwendea baba yake, Edward Darvall. Mtu huyu alikuwa amempoteza mke wake saa chache tu zilizopita. Sasa aliambiwa kwamba binti yake hawezi kuokolewa, kwamba yupo mgonjwa ambaye pengine angeweza kuokolewa kwa moyo wake, na kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu. Alikaa kimya kama dakika nne. Baadaye alisimulia kwamba katika dakika hizo alikumbuka keki ambayo Denise alimtengenezea siku yake ya kuzaliwa, na vazi la nyumbani alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kisha akasema wachukue. Alitoa moyo, na alitoa pia figo.

Upasuaji ulifanyika usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 3 Desemba, na watu wapatao 30 walihusika. Mashine ya kumpumulia Denise ilizimwa, madaktari wakangoja moyo wake usimame, kwa sababu wakati huo haikuwa imekubalika wazi kwamba mtu amekufa wakati moyo wake ungali unapiga. Miaka mingi baadaye Marius Barnard alidai kwamba kaka yake hakungoja tu, bali aliusimamisha moyo huo kwa dawa. Alfajiri moyo wa Denise ulianza kupiga ndani ya kifua cha Washkansky. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha ya tukio hilo.

Figo moja ilipelekwa hospitali nyingine na kupandikizwa kwa mtoto wa kiume wa miaka 10, chotara. Wapo weupe waliokasirika kwamba kiungo cha msichana mweupe kimepewa mtoto asiye mweupe. Baba aliyetoa hakuwa amebagua. Walionuna ni wale ambao hawakutoa kitu.

Washkansky aliamka, akazungumza, akala, akapigwa picha. Ili mwili wake usiukatae moyo wa mgeni ilibidi kinga yake ishushwe kwa dawa, na kinga iliposhuka nimonia ikaingia. Alifariki tarehe 21 Desemba, baada ya siku 18. Moyo wa Denise ulipiga vizuri mpaka siku ya mwisho.

MOYO WA CLIVE HAUPT

Barnard hakungoja. Siku ya mwaka mpya wa 1968, kijana wa miaka 24 aitwaye Clive Haupt alianguka ufukweni wakati watu wakisherehekea. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Haupt alikuwa chotara, na alikuwa ameoa miezi michache tu iliyopita. Familia yake iliulizwa, ikakubali, na tarehe 2 Januari moyo wake ukapandikizwa kwa Philip Blaiberg, daktari wa meno mweupe aliyekwisha staafu kwa ajili ya ugonjwa.

Hapa ndipo ubaguzi wa rangi ulipoaibika mbele ya dunia. Magazeti ya nje, hasa ya Wamarekani weusi, yaliandika kwa uchungu kwamba moyo wa Haupt sasa ungeruhusiwa kuingia katika mikahawa, mabehewa na fukwe ambazo Haupt mwenyewe, akiwa hai, angekamatwa akikanyaga. Serikali haikuwa na jibu. Sheria zake zilisema damu na mwili wa mtu huyu ni tofauti na wa yule. Chumba cha upasuaji kilionyesha vinginevyo, na Blaiberg akatoka hospitalini kwa miguu yake mwenyewe. Aliishi miezi 19 na nusu, akaogelea, akaendesha gari, na kufariki tarehe 17 Agosti 1969. Ni yeye, zaidi ya Washkansky, aliyeifanya dunia iamini kwamba jambo hili linawezekana.

Baada ya hapo Barnard hakuwa tena daktari wa Cape Town tu. Alipokewa na Rais Lyndon Johnson wa Marekani na Papa Paulo wa Sita. Alipigwa picha na waigizaji wa sinema wa Kitaliano. Alikuwa na sura nzuri na ulimi mwepesi, na alipenda kupendwa. Serikali ya Makaburu, iliyokuwa ikisusiwa kila upande, ilifurahi kuwa na mtu wa kuonyesha. Yeye mwenyewe aliupinga hadharani ubaguzi katika matibabu, na wagonjwa wake mahututi waliuguzwa pamoja bila kujali rangi, lakini alizunguka dunia akiitetea nchi yake dhidi ya wakosoaji. Weupe wakali walimwona msaliti, wapinzani wa ubaguzi walimwona chombo cha serikali. Marius alichukua njia iliyonyooka zaidi, akaingia bungeni mwaka 1980 kwa chama cha upinzani.

WALE AMBAO HAWAKUULIZWA

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa pupa. Hospitali nyingi duniani zilitaka nazo zihesabiwe, na mioyo zaidi ya 100 ilipandikizwa. Wagonjwa wengi walikufa katika wiki au miezi michache. Katika pupa hiyo yalitokea mambo mawili ambayo hayafai kusahauliwa.

La kwanza lilitokea Richmond, mji ule ule alikojifunza Barnard. Mwezi Mei 1968 kibarua mweusi, Bruce Tucker, alianguka na kuumia kichwa. Alipelekwa hospitali, na siku ya pili, tarehe 25 Mei, timu ya Hume na Lower ilitoa moyo wake na kuupandikiza kwa mfanyabiashara mweupe. Familia haikuulizwa. Ndugu yake William alikuwa na duka katika mji huo huo, na kadi yake ilikuwa mfukoni mwa Bruce. Alijua moyo wa ndugu yake haupo pale tu maiti ilipokwenda kutayarishwa kwa mazishi. Alishtaki, akitetewa na wakili kijana Douglas Wilder, ambaye baadaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana nchini Marekani. Mwaka 1972 madaktari walishinda kesi. Familia ya Tucker ilibaki na kaburi na swali lake.

La pili lilitokea Sapporo, Japani, mwezi Agosti 1968. Daktari Juro Wada alipandikiza moyo wa kijana aliyezama majini. Mpokeaji alipofariki, watu walianza kuhoji kama mtoaji alikuwa amekufa kweli, na kama mpokeaji alihitaji kweli moyo mpya. Wada alichunguzwa kwa tuhuma za mauaji, ingawa hakufikishwa mahakamani. Lakini imani ilivunjika. Sheria ya kuruhusu viungo kutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa haikupita Japani mpaka mwaka 1997, na moyo wa kwanza chini ya sheria hiyo ulipandikizwa mwaka 1999. Kwa miaka zaidi ya 30 wagonjwa wa Japani walilipa deni la siku moja.

Mwezi huo huo wa Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vipimo vya kumtambua mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, ingawa mashine inaendelea kumpumulia. Polepole nchi nyingi zilivikubali vipimo vya namna hiyo, pamoja na kanuni kwamba madaktari wanaothibitisha kifo wasiwe wale wanaopandikiza.

MIKONO YA HAMILTON NAKI

Yupo mtu mwingine ambaye jina lake huambatana na la Barnard. Hamilton Naki alizaliwa mwaka 1926 huko Transkei, akaenda Cape Town kijana, akaajiriwa kukata nyasi na kutunza bustani za chuo kikuu. Mwaka 1954 Profesa Robert Goetz alimwomba amsaidie kushika mnyama katika maabara. Kutoka hapo Naki alijifunza kutia dawa ya usingizi, kushona mishipa, na hatimaye kupandikiza viungo vya wanyama kwa ustadi uliowashangaza maprofesa. Alifanya kazi katika maabara ya Barnard, na madaktari wengi chipukizi walifundishwa na mikono yake. Kwa sheria za wakati ule hakuweza kuwa daktari. Alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani.

Baada ya ubaguzi kuanguka alipewa nishani ya taifa mwaka 2002 na shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2003. Barnard alikiri mwishoni mwa maisha yake kwamba kwa ufundi wa mikono Naki alimzidi. Naki alipofariki, Mei 2005, magazeti makubwa ya Uingereza na Marekani yaliandika kwamba yeye ndiye aliyeutoa moyo wa Denise usiku ule. Haikuwa kweli, na yalilazimika kusahihisha. Sisi waandishi tujifunze hapo. Ukweli wa Naki ulikuwa mkubwa wa kutosha. Aliyeuongezea chumvi alimpunguzia heshima.

JUA LINAPOKUCHWA

Wakati wengi walipoacha kupandikiza mioyo, Barnard alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea, pamoja na Shumway kule Stanford. Dorothy Fisher, mwanamke chotara aliyepandikizwa moyo mwaka 1969, aliishi zaidi ya miaka 12. Dirk van Zyl, aliyepandikizwa mwaka 1971, aliishi miaka 23. Mwaka 1974 Barnard alibuni njia ya kuuacha moyo wa mgonjwa mahali pake na kuuweka wa pili kando yake uusaidie. Mwaka 1977 alijaribu pia kutumia mioyo ya nyani na sokwe, akashindwa.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Aletta waliachana mwaka 1969. Alioa mara ya pili mwaka 1970 na mara ya tatu mwaka 1988, na ndoa zote mbili zikavunjika. Mwanawe Andre alifariki mwaka 1984. Baridi yabisi ilikunja vidole vyake, na mwaka 1983 akaweka kisu chini. Miaka mitatu baadaye alikubali kuipigia debe krimu ya kuzuia uzee, jambo lililomvunjia heshima mbele ya madaktari wenzake. Siku ya mwisho kule Paphos watu walidhani moyo ndio uliomuua. Uchunguzi ulionyesha ni pumu. Majivu yake yalirudishwa Beaufort West.

Mwaka ule ule aliostaafu, 1983, dawa ya cyclosporine, iliyotokana na kuvu waliopatikana katika udongo wa Norway na kutengenezwa na kampuni ya Uswisi, iliruhusiwa Marekani. Dawa hiyo iliuzuia mwili usikatae kiungo cha mgeni bila kuiua kinga yote, na upandikizaji ukawa tiba ya kawaida. Yaliyomshinda Barnard kwa Washkansky yalipata dawa wakati mikono yake imekwisha.

SWALI LILILOBAKI

Tangu hapo kikwazo kikubwa hakikuwa ufundi tena. Kikwazo ni viungo kuwa vichache. Mwaka 2014 huko Sydney, Australia, madaktari walianza tena kupandikiza mioyo iliyokwisha simama kifuani mwa mtoaji, wakiiamsha kwa mashine nje ya mwili, na Uingereza ikafuata mwaka 2015. Kwa namna fulani wamerudi kwa Denise Darvall, ambaye moyo wake nao ulingojewa usimame.

Nchi inayoongoza kwa watoaji waliofariki ni Hispania. Ilipitisha sheria mwaka 1979 inayomhesabu kila mtu kuwa amekubali asipokataa, lakini sheria hiyo peke yake haikuleta watoaji. Walianza kuongezeka baada ya mwaka 1989, ilipoundwa idara ya taifa na kuweka katika hospitali watu waliofundishwa kukaa na wafiwa, kuwaeleza na kuwauliza. Familia ikikataa, basi. Leo Hispania inapata watoaji zaidi ya 40 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Wales ilifuata sheria ya namna hiyo mwaka 2015, England mwaka 2020, Scotland mwaka 2021 na Ireland ya Kaskazini mwaka 2023, na huko nako familia huzungumzwa nayo kwanza.

Jambo hili linatugusa sisi tulio ughaibuni moja kwa moja. Nchini Uingereza wagonjwa weusi na wa asili ya Asia husubiri figo muda mrefu zaidi kwa wastani kuliko weupe, kwa kuwa figo inayowafaa mara nyingi hutoka kwa mtu wa asili yao, na watoaji wa asili hiyo ni wachache. Nyumbani, upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na Mulago mwaka 2023, lakini kwa figo za ndugu walio hai. Kwa mwenye moyo uliochoka hakuna ndugu anayeweza kusaidia akiwa hai.

Waislamu wengi huuliza kama dini inaruhusu. Baraza la kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1988, lilikubali kwa masharti, likiwemo kwamba marehemu awe ameruhusu kabla ya kufa au warithi wake waruhusu, na kwamba kiungo kisiuzwe. Wapo wanazuoni wasiokubaliana nalo, na kila mtu ana haki ya kumuuliza anayemwamini.

Makala haya hayamwambii msomaji akubali au akatae. Yanamwomba jambo moja dogo. Edward Darvall alijibu kwa dakika nne bila binti yake kuwahi kumwambia angetaka nini, akiwa bado na damu ya msiba wa mkewe. William Tucker hakupewa hata dakika hizo. Kwa wengi wetu swali hilo, likija, litamkuta mke, mtoto au kaka yetu akiwa peke yake katika hospitali ya nchi ya watu, usiku, pengine kwa lugha asiyoimudu vizuri, na wazee wako mbali ng'ambo ya simu. Kama jibu lako ni ndiyo, waambie leo. Kama ni hapana, waambie pia. Usiwaachie mzigo wa kukisia.

Katika hospitali ya Groote Schuur, chumba alimopasuliwa Washkansky kilifanywa makumbusho mwaka 2007, yakafunguliwa tarehe 3 Desemba. Mgeni anayekwenda kumwona Barnard humkuta humo Denise pia.